Pumzi Isiyofika Ndani

Sogeeni karibu kidogo. Mwenye haraka ya kutoa hukumu aishike kwanza mpaka nimalize. Nina watu wanne: watatu walitoa, mmoja alipokea. Nimeisimulia habari hii mara nyingi, na kila mara watu huondoka wakibishana.

Wa kwanza ni Bitegeko, fundi wa vifaa vya hospitali, mtu wa miaka hamsini. Kipawa chake kilikuwa vidole vyenye subira. Kifaa kilichowashinda wengine, yeye alikaa nacho wiki nzima, akikifungua na kukifunga, mpaka akajua kinachokisumbua. Karakana yake ilikuwa chini kabisa ya jengo, karibu na matangi ya maji. Watu walimkumbuka kitu kikiharibika. Kikipona walikibeba wakaenda zao. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yake wa pekee aliolewa mbali, akawa anapiga simu sikukuu hadi sikukuu.

Wa pili ni Tumpale, mtaalamu wa mionzi katika hospitali hiyohiyo. Kipawa chake kilikuwa sauti. Haikuwa sauti ya kuimba. Ilikuwa ya chini, ya taratibu, ukiisikia mabega yanashuka yenyewe. Lakini kazi yake haikuihitaji sana. Alimlaza mgonjwa, akaelekeza mashine, akatoka, akafunga mlango mzito wa chuma, kisha akakaa mbele ya skrini akimtazama mgonjwa aliyebaki ndani peke yake. Kwa siku moja aliufunga mlango ule mara arobaini. Nyumbani alifungua mlango mmoja tu, na ndani hapakuwa na mtu.

Wa tatu ni Kulwa, mnoa visu, aliyezunguka mitaani na baiskeli yenye jiwe la kunolea. Kipawa chake hakukitafuta, alizaliwa nacho. Damu yake ilikuwa ya kundi O hasi. Damu hiyo anaweza kuwekewa karibu kila mtu, lakini mwenye kundi hilo hapokei nyingine ila hiyohiyo, na wenye nayo ni wachache mno. Benki ya damu ilikuwa na namba ya Kulwa. Simu yake ikilia, ni wao. Hapakuwa na mwingine wa kumpigia, maana yeye na pacha wake, Doto, hawakuwa wamesemezana kwa miaka tisa.

Hawa watatu hawakujuana, ingawa wawili kati yao waliingilia lango moja kila asubuhi.

Wa nne ni Bi Namkunda, mwenye miaka sabini. Alitoka milima ya Usambara, kwenye shamba la chai lililofungwa zamani. Wafanyakazi walipoondoka, yeye alibaki katika safu ya nyumba tupu, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Hakuzaa, na ndugu zake walikuwa wamekwisha. Zamani ofisi ya shamba ilimpa kazi ya kusoma kipima mvua. Ofisi ikafungwa, yeye akaendelea. Kila siku saa tatu asubuhi alipanda hadi kwenye kile kipima mvua, akasoma, akaandika daftarini. Baadaye alipoulizwa kwa nini, alisema, "Nilipata mahali pa kwenda kila asubuhi."

Uvimbe ulimwota shingoni, chini ya sikio. Ulipofikia ukubwa wa limau alishuka mlimani na kifurushi kimoja. Hospitali ya wilaya ikampeleka mjini, penye mashine ya mionzi. Ilikuwa saratani. Daktari aliyempokea, mwanamke asiyezungusha maneno, alimwambia kwamba angepigwa mionzi vipindi thelathini na tano, siku tano kwa wiki.

Wodini wenzake walikuwa na watu. Saa ya kutazama wagonjwa ilipofika, vyombo vya chakula vilifunguliwa, watoto walipandishwa vitandani, na harufu ya samaki wa nazi ikajaa kila pembe. Bi Namkunda aligeukia ukuta akajifanya amelala, ili asionewe huruma.

Vipindi kumi vikapita. Uvimbe haukupungua hata kidogo.

Siku moja Bitegeko alikuwa juu ya ngazi kwenye korido, anatengeneza feni, wakati daktari akizungumza na muuguzi chini yake.

"Yule bibi wa kitanda cha tisa ananisumbua kichwa," daktari alisema. "Nashuku ndani ya ule uvimbe hakuna oksijeni. Mionzi inahitaji oksijeni ili iue. Uvimbe usio na hewa unavumilia dozi karibu mara tatu. Lakini ni kushuku tu. Siwezi kuingia ndani nikatazama."

"Daktari," Bitegeko alisema kutoka juu, "stoo kuna sindano inayoingia."

Daktari akainua uso. "Sindano gani?"

"Ya kupimia oksijeni ndani ya nyama. Kuna mtafiti aliileta, akaondoka, ikabaki kwenye boksi lake. Nimesoma kijitabu chake mara nyingi."

"Kwa nini ulikisoma?"

Bitegeko aliteremka ngazi. "Sikuwa na kingine cha kusoma."

Sindano ilikuwa nyembamba, na utando wa nchani ulikuwa umepasuka. Bitegeko alikaa nayo siku sita. Aliijaribu katika maji yaliyochemshwa yakaishiwa hewa, akaijaribu katika maji ya kawaida. Halafu, kabla haijamgusa mgonjwa, alikunja mkono wa shati akamwomba daktari amchome yeye kwenye msuli. Alichomwa mara tatu, mpaka namba zikakubaliana: arobaini, arobaini na moja, arobaini. Wakubwa wa hospitali wakatoa idhini. Ikabaki ya mgonjwa mwenyewe.

"Hiyo sindano itawaeleza nini?" Bi Namkunda aliuliza.

"Itatueleza hewa inafika wapi na inakwama wapi, Mama," Bitegeko alijibu.

"Kama mvua. Mvua ya upande huu wa kilima si ya upande ule. Mtu akipima sehemu moja anadanganyika."

"Ndiyo. Kwa hiyo itasogea kidogo kidogo, na kila ikisimama inasoma."

"Ichomeni basi."

Daktari aliiingiza, Bitegeko akasoma. Pembeni mwa uvimbe: ishirini na nane. Ndani kidogo: kumi na moja. Katikati kabisa: mbili.

"Mbili," daktari alirudia. "Mle ndani hakuna pumzi. Ndiyo maana tunapiga na hakufi kitu. Mionzi ikute angalau kumi, ndipo itaanza kazi."

Tangu siku hiyo Bitegeko alipita wodini kila mchana, akisema anakuja kuangalia plagi. Bi Namkunda alimwonyesha daftari la mvua. Fundi alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akauliza kwa nini mwezi fulani una sifuri nyingi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kulifungua.

Sasa ilitakiwa hewa ipelekwe ndani. Daktari aliagiza mgonjwa avute hewa maalumu ya mtungi kila anapopigwa mionzi, oksijeni nyingi iliyochanganywa na kaboni dioksaidi kidogo ili mishipa ipanuke. Tatizo la hewa ile ni kwamba unapoivuta unahisi unazama. Unapewa pumzi tele, na mwili wako unakuambia unakufa kwa kukosa pumzi.

Na fikirini jinsi alivyolazwa. Kichwa kilibanwa mezani kwa wavu mgumu wa plastiki uliofinyangwa kwa sura yake, asigeuke hata kidogo. Mrija ulikuwa mdomoni, pua imebanwa kwa kibanio. Hawezi kusema. Halafu watu wote wanatoka, mlango wa chuma unafungwa, anabaki yeye na mashine.

Siku ya kwanza Bi Namkunda aliinua mkono, alama ya kuomba msaada, kabla dakika moja haijatimia. Tumpale alizima mashine akakimbilia ndani. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu bibi alikataa kulala mezani.

"Mwanangu," alimwambia Tumpale, "nimeishi peke yangu miaka mingi, sikuogopa. Lakini humu ndani upweke una mikono. Unanikaba."

Tumpale hakumbembeleza. Alimwonyesha spika ndogo iliyokuwa ukutani. "Nitakuwa nasema na wewe kupitia pale. Hutaweza kunijibu. Lakini muda wote utakaokuwa unanisikia, ujue nakutazama. Nikinyamaza, inua mkono, nitakuja."

Akatoka, akafunga mlango, akakaa mbele ya kipaza sauti. Mwanzoni hakujua aseme nini. Akaanza kuhesabu pumzi: vuta, toa, vuta, toa. Hesabu ikamwishia. Akaanza kueleza kwao Rungwe, jinsi ukungu unavyokaa kwenye migomba mpaka saa nne, jinsi mama yake alivyokuwa akikaanga mahindi kwenye chungu. Akaeleza jinsi mama huyo alivyofariki siku ambayo yeye alikuwa zamu, nyuma ya mlango huuhuu, simu ikiwa kwenye droo. Jambo hilo alikuwa hajamweleza mtu yeyote. Alilieleza kwa sauti ileile ya chini, na kwenye skrini mkono wa bibi ulitulia kando ya mwili wake mpaka mashine ilipozima.

Tumpale alipoingia kumfungua wavu, Bi Namkunda alikuwa na machozi yaliyoteremka hadi masikioni.

"Yule mama yako," alisema, "alikuwa anatia chumvi kwenye mahindi, au hakutia?"

"Alitia, Mama. Kidogo."

Kukawa hivyo kila siku. Tumpale alianza kufikiria njiani, asubuhi, kitu cha kusimulia.

Wakapima tena akiwa anavuta ile hewa. Katikati ya uvimbe sindano ikasoma tano. Kutoka mbili hadi tano. Daktari alifurahi, kisha akafungua majibu ya damu ya mgonjwa.

"Haitoshi," alisema. "Hewa tunayo, mbebaji ndiye hatuna. Damu ya Bi Namkunda imepungua sana. Anahitaji chupa mbili, wiki hii, na kundi lake ni O hasi."

Benki ya damu ilikuwa na friji tupu kwa upande wa kundi hilo. Wakampigia Kulwa.

Kulwa alikuja na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akatoa chupa moja. Kwa kawaida angekunywa soda yake akaondoka. Safari hii aliuliza, "Ni ya nani?"

Mhudumu wa maabara alikuwa mtu mwepesi wa kusema. "Ni ya bibi mmoja, hana mtu. Anataka nyingine kama hii, na wewe hatuwezi kukutoa tena mpaka miezi mitatu ipite. Una ndugu?"

Kulwa aliiweka soda chini. Kisha akasema, "Ninaye pacha."

Niwaeleze ugomvi wao. Mama yao alipofariki, Doto alikuwa mbali, akatuma ujumbe kwamba yuko njiani, asubiriwe siku moja. Kulwa hakumsubiri. Alikuwa na hasira naye kwa kukaa mbali miaka yote ya ugonjwa, akaamuru maiti izikwe. Doto alifika kesho yake, akakuta udongo mbichi.

Kulwa alipanda treni hadi Tabora, akaenda kwa miguu hadi kijiji ambako Doto alilima tumbaku. Alimkuta anafunga majani kwenye vijiti vya kukaushia. Sura ileile, mvi zilezile upande uleule.

"Nani amekufa?" Doto aliuliza bila kuacha kazi.

"Hakuna aliyekufa. Kuna bibi anataka damu. Ya kwetu."

"Bibi gani?"

"Simjui."

Doto akaweka kijiti chini. "Umesafiri siku nzima kwa ajili ya bibi usiyemjua. Mimi ulishindwa kunisubiri siku moja nimwone mama yangu."

Kulwa alikuwa amejitayarishia majibu miaka tisa. Njia nzima aliyapanga. Yakampotea yote. "Nilikukosea," alisema. "Nilijua uko njiani. Nilitaka ufike uumie. Nilikukosea, Doto."

Doto aliendelea kufunga tumbaku mpaka akamaliza rundo zima. Kulwa alisimama tu, hakupewa kiti. Kisha Doto akaingia ndani akatoka na koti. Wakapanda treni hadi mjini. Doto alitoa damu, akashuka kitandani akashusha mkono wa shati. "Damu nimetoa," alimwambia ndugu yake. "Mengine bado." Akaondoka siku hiyohiyo.

Chupa mbili zikaingia mwilini mwa Bi Namkunda. Asubuhi iliyofuata wakapima bila ile hewa ya mtungi: tano. Damu peke yake ilileta tano, kama hewa peke yake. Wakampa mrija, Tumpale akaanza kusimulia, wakapima tena. Bitegeko aliisoma namba mara mbili kabla ya kuitamka.

"Kumi na nne."

Vipindi vilivyobaki vilikwenda hivyo. Uvimbe ukawa kama ndimu iliyonyauka, ukawa kama harage, na miezi mitatu baada ya kipindi cha mwisho, daktari alipitisha vidole shingoni mwa Bi Namkunda, akavipitisha tena, hakukuta kitu. Sindano ilichukuliwa na hospitali ikaanza kutumika kwa wengine.

Siku ya kuruhusiwa daktari alimwambia hivi: "Umepona kwa macho ya leo. Lakini mwaka mzima nataka kukuona kila mwezi, na koo lako likisumbua nataka uje siku hiyohiyo. Huwezi kurudi kule juu. Ukae hapa mjini, kwenye nyumba yenye mtu."

Afisa ustawi wa jamii akafungua faili. "Bibi, una nani hapa mjini?"

"Sina mtu," alisema Bi Namkunda.

Habari hizo hazikukaa. Kesho yake saa nne asubuhi, Bi Namkunda akiwa kwenye benchi la ofisi ya ustawi, waliingia watu watatu, na kila mmoja alishangaa kuwakuta wengine.

Bitegeko alisema kwanza, huku akitazama viatu vyake. "Nina vyumba viwili, kimoja sikitumii. Kabla ya sindano hapakuwa na aliyejua kwa nini haponi. Hewa ingepelekwa wapi? Damu ingetafutwa ya nini? Nilijichoma mimi kwanza ili asiumizwe bure. Na nimezoea kuzungumza naye mchana. Naomba aje kwangu."

Tumpale alisema, "Sindano ilisema mbili. Kujua ni mbili hakukumponya. Alikataa kulala mezani, na hewa isingeingia kwa nguvu. Nimesema naye siku baada ya siku, nikiwa nyuma ya mlango, mpaka hakuna nisilomwambia. Mama yangu sikuwa naye alipoondoka. Huyu nilikuwa naye. Naomba aje kwangu."

Kulwa alikuwa amevua kofia. Bi Namkunda alikuwa amemwona mara moja tu, siku aliyokuja kumshika mkono wodini. "Mimi nina chumba kimoja na kitanda kimoja," alisema. "Kitanda chake, mkeka wangu. Sindano na hewa vilifika kwenye tano vikakwama. Hawa wamefanya kazi waliyoisomea, wakaifanya vizuri mno. Mimi nilikwenda kwa ndugu yangu nikasema maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu, na hakunisamehe. Damu yetu wote wawili imo ndani ya bibi. Ndugu niliyenaye hapa mjini ni yeye."

Afisa akamgeukia Bi Namkunda. "Bibi, hawa wote hospitali inawajua, wote ni watu wema, wote wako karibu na hospitali. Uamuzi ni wako."

Bi Namkunda aliwatazama mmoja mmoja. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyeuliza amelala wapi. "Mimi ni mmoja," alisema, na sauti yake, iliyokwaruzwa na ile mionzi, haikusikika vizuri.

Sasa msiniambie azunguke kwa zamu. Afisa alilitoa wazo hilo, na bibi alikataa. Alisema akiingia mahali anataka aweke daftari lake mezani na alikute palepale. Msiniambie wahamie wote nyumba moja, maana hawa ni watu wasiozoeana, na walipoambiwa hivyo hakuna aliyekubali. Wala msiniambie wawili watakuja kumtembelea. Watakuja, ndiyo, na jioni wataondoka.

Hapo ndipo ninapowaachia. Yupo kwenye benchi, kifurushi kiko magotini, watatu wamesimama mbele yake, wanangoja. Mmoja aliiona pumzi inapokwama. Mmoja aliisindikiza hadi mlangoni. Mmoja aliibeba akaifikisha ndani. Ukimwondoa yeyote kati yao, bibi huyu leo yuko kaburini. Na yeyote atakayetajwa, wawili watarudi kwenye nyumba zao na kupika chakula cha mtu mmoja.

Ninyi mlionisikiliza tangu mwanzo, anzeni hapo nyuma, kila mtu aseme lake na atoe sababu: kama mngekuwa ninyi mmekaa kwenye benchi lile, mngenyanyuka mkamfuata nani?